Laennec: Tabibu aliyewafunza madaktari kusikiliza mishipa

DAKTARI anapoweka stethoskopu shingoni mwa mgonjwa ili kubaini iwapo mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imebanwa, hufuata njia iliyofunguliwa na Mfaransa René Laennec zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Laennec alizaliwa Februari 17, 1781 mjini Quimper, eneo la Brittany. Mamake alifariki kutokana na kifua kikuu, naye angali mtoto wa miaka mitano. Baadaye alilelewa mjini Nantes na ami yake, Guillaume, aliyekuwa tabibu. Mnamo 1801 alielekea Paris kusomea udaktari, na miongoni mwa walimu wake alikuwa Corvisart, daktari wa Napoleon.

Enzi hizo tabibu alilaza sikio lake kifuani mwa mgonjwa. Mnamo 1816, akihudumu katika hospitali ya Necker, Laennec alimpokea mwanamke kijana, mnene, aliyeugua moyo. Kumlazia sikio kifuani kungekuwa utovu wa adabu, na unene wake ungefifisha sauti. Akasokota karatasi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Mapigo ya moyo yakasikika wazi kuliko alivyowahi kuyasikia.

Kwa kuwa alipenda kupiga filimbi na mikono yake ilizoea kuchonga, alijitengenezea mrija wa mti. Kwa takriban miaka mitatu aliwasikiliza wagonjwa, na walipofariki akalinganisha sauti hizo na hali ya viungo vyao baada ya kupasuliwa. Kitabu chake kilitoka 1819.

Alisikiliza mishipa ya shingo pia, akasikia mvumo kama wa mivukuto ya mhunzi. Hapo alikosea, kwani alidhani mshipa wenyewe ulikuwa ukijikaza. Sasa yajulikana kuwa mvumo huo hutokana na damu kuvurugika, aghalabu inapopenya kwa kasi pahali palipobanwa na mafuta yaliyojijenga ukutani mwa mshipa, hali inayoweza kuleta kiharusi. Hata hivyo, mshipa uliokaribia kuziba kabisa waweza kunyamaza kimya, na ndiyo maana madaktari huthibitisha kwa mitambo ya mawimbi ya sauti.

Mnamo 1826 Laennec mwenyewe alikuwa amedhoofika, akikohoa mfululizo. Jamaa yake Mériadec, aliyekuwa daktari, alimsikiliza kifua kwa chombo kile kile na kutambua ishara za kifua kikuu, ugonjwa ambao Laennec alikuwa ameueleza kwa undani kitabuni. Aliaga dunia Agosti 13 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 45. Stethoskopu yake alimwachia Mériadec.