Maisha ya Bibi Friedl Dicker-Brandeis, Mwalimu wa Kuchora

Bibi Friedl Dicker alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 30 Julai 1898. Mama yake alifariki Friedl angali mdogo, akalelewa na baba yake, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la karatasi na vifaa vya kuandikia.

Mwaka 1919 alikwenda Weimar, Ujerumani, kusoma katika shule mashuhuri ya sanaa iitwayo Bauhaus. Baadaye alirudi Vienna. Mwaka 1934 alifungwa kwa sababu ya siasa, na alipofunguliwa alihamia Prague, akawafundisha kuchora watoto wa wakimbizi. Mwaka 1936 aliolewa na Bwana Pavel Brandeis.

Friedl alikuwa Myahudi. Wanazi walipokwisha kuitwaa nchi ile, yeye na mumewe walipelekwa katika kambi ya Terezín, Desemba 1942. Kila mtu aliruhusiwa mzigo mdogo tu. Friedl alijaza karatasi na rangi kwa ajili ya watoto.

Kambini mlikuwa na njaa na maradhi, na watoto wengi walikaa katika mabweni, mbali na wazazi wao. Sisi tukaao bwenini twajua usiku wa kwanza ulivyo mrefu; lakini sisi twajua na tarehe ya likizo.

Bibi Friedl hakutaka watoto wafuatishe mkono wake. Mara aliwapigia mdundo, nao wakauchora kwa penseli. Mara aliwasimulia hadithi, nao wakachora vitu alivyovitaja. Karatasi zilipopungua walitumia zile zilizokwisha kutumika ofisini. Walichora nyumba walizoziacha, maua na vipepeo, tena vitanda na foleni za chakula. Wakubwa wa kambi waliwahesabu watu kwa namba. Yeye alimtaka kila mtoto aandike jina lake kwenye picha yake.

Mwishoni mwa Septemba 1944 mumewe alichukuliwa. Friedl aliomba mwenyewe kumfuata. Kabla ya kuondoka, picha za watoto zipatazo 4,500 zilitiwa katika masanduku mawili, zikahifadhiwa. Mwezi wa Oktoba aliuawa huko Auschwitz, akiwa na umri wa miaka 46. Mumewe alisalimika. Wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, masanduku yale yalipelekwa Prague, na picha hizo zimo katika Makumbusho ya Wayahudi ya mji huo hata leo.

Wako wenzetu wanaodhani kipindi cha kuchora ni cha kupumzikia. Nawaomba wamkumbuke mwalimu huyu. Jina jema hung'ara gizani. Na watoto wale, ambao wengi wao hawana hata kaburi, majina yao yangali yanasomeka pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko wao wenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne