DAKTARI SALIMUZZAMAN SIDDIQUI: MKEMIA WA MWAROBAINI



Hakuna mtoto wa Tabora asiyeujua mwarobaini. Upo katika nyua za nyumba zetu, unatupa kivuli wakati wa kiangazi, na wengi wetu tumewahi kunyweshwa maji yake machungu tukiwa na homa. Wazee wanasema jina lake limetokana na maradhi arobaini unayotibu. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kujiuliza: ndani ya uchungu ule mna nini hasa? Katika makala hii tutamwelezea mwanachuoni Mwislamu ambaye swali hilo alilifanyia kazi kwa miaka mingi.

Kwanza tukumbuke kwamba mti huu asili yake si hapa. Asili yake ni Bara Hindi. Mji wetu nao umekuwa kituo cha wageni tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na katika miaka ya 1850 Kazeh walikuwapo wafanyabiashara Waarabu kama Snay bin Amir na Mhindi mashuhuri aliyeitwa Musa Mzuri. Njia ile ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu, na kwa masikitiko makubwa ilipitisha pia watumwa. Vitu vingi vya mbali vimekuwa vyetu kwa namna hiyo, na leo mwarobaini tunauona kama mti wa nyumbani.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1897 katika kijiji cha Subeha, wilaya ya Barabanki, karibu na mji wa Lucknow nchini India. Wakati huo India ilikuwa chini ya Waingereza. Alisoma Lucknow, kisha akaingia katika chuo mashuhuri cha Waislamu cha Aligarh, ambako alihitimu mwaka 1919. Jambo la kushangaza ni kwamba hakusoma sayansi pale, bali falsafa na lugha ya Kiajemi.

Mwaka 1920 alikwenda London kusomea udaktari wa tiba. Baada ya mwaka mmoja aliacha masomo hayo, akahamia Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, na kuanza kusoma kemia. Hebu fikiria: kijana aliyezoea falsafa na mashairi anaanza somo jipya katika nchi ya kigeni. Alisoma chini ya Profesa Julius von Braun, na mwaka 1927 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Alipokuwa huko alikuwa pia mchoraji, na picha zake zilionyeshwa hadharani mjini Frankfurt.

KAZI YAKE DELHI

Katika mji wa Delhi aliishi tabibu mkubwa, Hakim Ajmal Khan. Watawala wa wakati ule waliidharau tiba ya asili ya Kiyunani waliyoirithi matabibu wa Kiislamu. Ajmal Khan aliitetea, na chuo chake cha tiba, Tibbia College, kilifunguliwa rasmi mwaka 1921. Hata hivyo hakutaka kuitetea kwa maneno matupu. Alitaka dawa za wazee zichunguzwe katika maabara, ili ijulikane ipi inafaa na kwa sababu gani. Kazi hiyo ndiyo aliyokabidhiwa Siddiqui.

Mwishoni mwa mwaka 1927 Ajmal Khan alifariki dunia. Siddiqui alibaki bila mlezi wake, lakini hakuiacha amana ile. Alianza na mzizi wa mmea uitwao Rauwolfia serpentina, ambao matabibu wa India waliutumia kwa wagonjwa wa akili na walioumwa na nyoka. Mwaka 1931, pamoja na mwenzake wa maabara, alifanikiwa kutenga ndani ya mzizi huo chembechembe safi ambazo hazikuwa zimejulikana. Mojawapo aliiita ajmalini, kwa kumkumbuka Ajmal Khan. Dawa hiyo ilikuja kutumika kwa mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, na hadi leo madaktari huitumia kupima aina fulani ya ugonjwa wa moyo uliojificha.

Mwaka 1952 wanasayansi wa Uswisi walitenga katika mzizi uleule kitu kingine, reserpini, ambacho kilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za shinikizo la damu. Hivyo dawa ya wazee iliyodharauliwa ikaingia hospitali za dunia nzima.

MWAROBAINI UNAFUNGULIWA

Mwaka 1940 Siddiqui alihamia katika baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India. Hapo ndipo alipoushughulikia mwarobaini. Kazi yake tunaweza kuieleza hivi. Maji ya moto hutoa rangi na ladha katika majani ya chai, lakini hayatoi grisi kwenye nguo. Kila kimiminika kina kile kinachoweza kukiyeyusha. Siddiqui alichukua mafuta ya mbegu za mwarobaini, akayapitisha katika vimiminika mbalimbali kama vile etha na spiriti, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kilichukua sehemu yake. Sehemu hizo alizisafisha tena na tena.

Mwaka 1942 alitangaza vitu vitatu vichungu alivyovitenga: nimbini, nimbinini na nimbidini. Majina hayo yametokana na neno nim, jina la mwarobaini kwa Kihindi na Kiurdu. Kwa kazi hiyo aliwafungulia mlango wakemia wengine duniani.

Nao waliingia. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani aliona nchini Sudan kwamba nzige walikula kila kijani lakini mwarobaini wakauacha. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza walitenga azadiraktini, molekuli inayowafanya wadudu wakatae kula. Molekuli moja tu ina atomu 35 za kaboni, 44 za hidrojeni na 16 za oksijeni, na zimefungamana kwa namna ngumu mno. Wakemia wa Cambridge walijaribu kuitengeneza kwa miaka 22, wakaimaliza mwaka 2007. Mti uliopo uani kwetu huitengeneza kimya kimya kila msimu! Kwa wakulima wa mkoa wetu hili si jambo dogo, kwani mbuga za Wembere na bonde la Malagarasi ni miongoni mwa mazalio ya nzige wekundu.

PAKISTAN

Mwaka 1951, kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan, Siddiqui alihamia Pakistan. Nchi ilikuwa changa, na maabara zilikuwa chache. Mwaka 1953 aliongoza kuanzishwa kwa baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la nchi hiyo. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima kubwa kwa mwanasayansi.

Mwaka 1966 alistaafu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70, na angeweza kupumzika. Badala yake alianzisha taasisi ya kemia katika Chuo Kikuu cha Karachi. Mwaka 1976 familia ya Jamal ilitoa msaada wa rupia milioni 5, na taasisi ikapewa jina la Hussain Ebrahim Jamal. Aliiongoza hadi 1990, na hata baada ya hapo aliendelea na utafiti. Alifariki Karachi tarehe 14 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 96.

Mwaka huohuo wa 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni moja ya Marekani na idara ya kilimo ya nchi hiyo haki ya kumiliki njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Wahindi na wenzao walipinga, wakaonyesha kwamba wakulima wao walikwishaijua njia hiyo. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Hapo tunaona kuwa elimu isiyoandikwa inaweza kuchukuliwa na mwingine.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, tusiidharau elimu ya wazee, lakini pia tusiikubali bila kuipima. Mwarobaini una nguvu, na kitu chenye nguvu kinaweza kudhuru. Madaktari wameandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini wakapata degedege, na baadhi yao wakafariki. Kwa hiyo wazazi wasiwape watoto wachanga mafuta hayo, na mama mjamzito asinywe dawa hiyo bila kumwuliza daktari. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe malaria, asicheleweshwe kwa maji ya majani.

Pili, mwanafunzi asikate tamaa kwa kuchelewa kuanza. Siddiqui aliingia kemia baada ya kuhitimu somo jingine, akaitumikia kwa zaidi ya miaka 60.

Tatu, Unyamwezi una mimea mingi ya dawa ambayo wazee wetu wanaijua kwa majina na matumizi. Kila mwaka baadhi yao wanatutoka. Wanafunzi wenye kalamu na daftari wakae nao, waulize na waandike. Na wale wanaosoma sayansi shuleni wakazanie kemia, ili siku moja, inshallah, mmoja wao afungue mti mwingine wa miombo yetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu.