Paavo Nurmi na Saa Yake

Katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya, majira ya baridi ni marefu, na theluji hufunika mashamba na njia kwa muda wa miezi mingi. Huko, katika mji wa Turku, alizaliwa Paavo Nurmi mwaka wa 1897. Baba yake alikuwa seremala. Paavo alipokuwa na umri wa miaka 12 baba yake alikufa, akamwacha mama na watoto katika umaskini. Basi Paavo akaacha shule, akapata kazi kwa mwoka mikate, akisukuma mkokoteni mzito katika vilima vya mji. Kazi ile ilikuwa ya taabu, walakini ilimtia nguvu miguuni na mgongoni.

Mwaka wa 1912 Mfini mwenzake, Hannes Kolehmainen, alishinda mbio tatu katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm. Habari zile zilimwasha Paavo moyo. Akanunua viatu vya michezo, akaanza kujizoeza.

Mwaka wa 1920 yeye mwenyewe alikwenda kushindana Antwerp, katika Ubelgiji. Alishinda mbio za mita 10,000, lakini katika mita 5,000 alishindwa na Mfaransa, Joseph Guillemot. Nurmi alikuwa amekwenda mbio mno mwanzoni, na mwisho nguvu hazikumtosha. Akajifunza kwamba nguvu za mtu ni kama akiba ya ghala: asiyeipima huishiwa kabla ya mavuno. Tangu hapo alizoea kukimbia na saa mkononi. Alipanga kila mzunguko wa uwanja uchukue muda gani, akaufuata mpango wake, bila kujali wenziwe waliotangulia.

Na kama alivyoupima mzunguko mmoja, ndivyo alivyoupima mwaka mzima. Wakati wa theluji alitembea mwendo mrefu kwa miguu, ili mwili upate kustahimili. Majira yalipobadilika alizidisha kukimbia, na siku za mashindano zilipokaribia alijizoeza mbio fupi za kasi. Kila kazi ilikuwa na wakati wake.

Ikafika mwaka wa 1924, na michezo ilikuwa Paris. Wakubwa wa michezo walikuwa wamepanga mbio za mwisho za mita 1,500 na za mita 5,000 ziwe siku moja, na kati yake nusu saa tu. Wafini wakalalamika, nafasi ikaongezwa, lakini haikutimia saa moja. Watu wengi waliona kwamba hakuna awezaye kushinda zote mbili. Nurmi hakungoja kufika Paris ndipo ajue. Tarehe 19 Juni, mjini Helsinki, alizikimbia mbio zote mbili, akipumzika saa moja katikati, na katika zote mbili akavunja rekodi ya dunia.

Tarehe 10 Julai siku yenyewe ikafika. Katika mita 1,500 Nurmi aliwaacha wenzake mapema. Alipoona hawawezi kumpata, akapunguza mwendo ili aweke akiba. Akashinda, akaenda kupumzika. Katika mita 5,000 wengine walianza kwa kasi kubwa, wakitumaini kumchosha. Yeye akaitazama saa yake, akashika mwendo wake. Baadaye akawapita, na mwisho Mfini mwenzake, Ville Ritola, akamfuata karibu sana. Nurmi akamshinda kwa hatua chache tu. Katika michezo ile alipata nishani 5 za dhahabu.

Katika maisha yake alipata nishani 9 za dhahabu na 3 za fedha za Olimpiki. Mwaka wa 1932 alikatazwa kushindana, kwa kuwa alishtakiwa kupokea fedha kwa mbio zake. Lakini mwaka wa 1952, michezo ilipofanywa Helsinki, ni yeye aliyeingia uwanjani na mwenge, na watu wakamshangilia sana. Alikufa mwaka wa 1973.

Hata hivyo, katika uzee wake alikiri kwamba mpango wake wa ujana ulikuwa na kasoro: alitembea mno polepole, akakawia kujizoeza kasi. Nanyi, wanafunzi, fikirini jambo hili. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ajazaye kibaba hana budi kutazama mara kwa mara kama hakivuji.