Babe Zaharias: Mwanamke aliyepita mchujo wa wanaume

Tangu Januari 1945, hakuna mwanamke mwingine aliyeweza kupita mchujo katika mashindano ya kawaida ya gofu ya wanaume ya mzunguko wa PGA nchini Marekani. Aliyeweka historia hiyo ni Babe Zaharias, mwanariadha aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 45 pekee.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1911 mjini Port Arthur, jimbo la Texas, na kupewa jina la Mildred. Wazazi wake, Ole na Hannah Didriksen, walikuwa wahamiaji kutoka Norway. Baba yake alikuwa fundi seremala, na Mildred alikuwa mtoto wa sita kati ya saba. Familia ilihamia Beaumont, mji wa jirani, na huko ndiko alikokulia akicheza pamoja na wavulana wa mtaani.

Kabla ya gofu, dunia ilimfahamu kwa riadha. Mwaka 1932, kampuni ya bima ya Dallas aliyokuwa akiifanyia kazi na kuichezea mpira wa kikapu ilimpeleka peke yake katika mashindano ya taifa ya wanawake mjini Evanston, Illinois. Alasiri moja tu, timu hiyo ya mtu mmoja ilijikusanyia pointi 30. Timu iliyoshika nafasi ya pili, yenye wanariadha 22, ilipata pointi 22.

Wiki chache baadaye alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Kanuni za wakati huo zilimruhusu mwanamke kushindana katika michezo mitatu tu. Alitwaa dhahabu katika kurusha mkuki na katika mbio za mita 80 za kuruka viunzi, kisha akapata fedha katika kuruka juu.

Pamoja na sifa hizo, baadhi ya waandishi wa habari za michezo walimdhihaki kwa umbo lake na kwa kuthubutu kwake kushindana hadharani.

Kutoka riadha hadi gofu

Alipogeukia gofu alifanya mazoezi kwa bidii kubwa, na mwaka 1935 akashinda ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Texas. Muda mfupi baadaye, Chama cha Gofu cha Marekani kilimwondoa katika orodha ya wachezaji wa ridhaa kwa hoja kwamba alikwisha kulipwa katika michezo mingine. Uamuzi huo ulimwacha njia panda: alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa wakati ambapo mashindano ya kulipwa ya wanawake yalikuwa machache mno.

Januari 1938 alijiandikisha katika mashindano ya wazi ya Los Angeles, pamoja na wanaume. Gofu humtuza anayetumia mikwaju michache zaidi, na baada ya raundi za mwanzo wenye mikwaju mingi hurudi nyumbani. Babe alipiga mikwaju 81, kisha 84, akatolewa. Hata hivyo, katika kundi lake alipangwa pamoja na mwanamieleka George Zaharias, na kabla ya mwaka kumalizika wawili hao walikuwa mume na mke.

Januari 1945 alirejea Los Angeles, safari hii akiwa amekwisha kurejeshewa hadhi ya mchezaji wa ridhaa. Hakualikwa na mdhamini yeyote. Alicheza raundi mbili za kufuzu, akapiga mikwaju 76 katika kila moja, na kupata nafasi sawa na mwanamume mwingine yeyote. Katika mashindano yenyewe alipiga 76 na 81, akapita mchujo wa siku ya pili, kabla ya kutolewa siku ya tatu kwa mikwaju 79. Mjini Phoenix alicheza raundi zote nne na kushika nafasi ya 33. Mjini Tucson, alikoingia tena kwa kufuzu, alikuwa miongoni mwa waliolingana katika nafasi ya 42.

Mlango wafungwa

Mwaka 1947 akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa wanawake wa ridhaa wa Uingereza, huko Gullane, Scotland. Mwaka uliofuata aliomba kushiriki mashindano makuu ya wazi ya Marekani. Chama cha Gofu kilimkatalia, kikieleza kuwa mashindano hayo yalikusudiwa wanaume. Kiwango chake hakikupimwa uwanjani.

Mwaka 1950 alikuwa mmoja wa wanawake 13 walioanzisha LPGA, chama cha wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa, ambacho baadaye alikuwa rais wake.

Mwaka 1953 madaktari waligundua kuwa ana saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji mkubwa, na wengi waliamini kuwa hatacheza tena. Mwaka uliofuata alishinda ubingwa wa wazi wa wanawake wa Marekani kwa tofauti ya mikwaju 12. Aliuzungumzia ugonjwa wake waziwazi, katika enzi ambayo familia nyingi ziliuficha. Saratani ilirejea, na tarehe 27 Septemba 1956 alifariki dunia mjini Galveston, Texas.

Mwaka 2003 Msweden Annika Sörenstam, aliyekuwa mchezaji bora wa kike duniani, alicheza na wanaume mjini Fort Worth kwa mwaliko wa waandaaji, lakini hakupita mchujo. Mwaka 2022, nchini Sweden, Linn Grant aliwashinda wanaume na wanawake kwa tofauti ya mikwaju tisa, katika mashindano yaliyoandaliwa kwa ajili ya jinsia zote mbili, ambako wanawake huanzia kupiga mpira mahali palipo karibu zaidi na shimo.

Mashindano ya aina hiyo hayakuwapo enzi za Zaharias. Aliwakabili wanaume katika mashindano yao, na mara mbili aliipata nafasi hiyo kwa kufuzu, bila kusubiri kualikwa.