Cyprien Rugamba, mtunzi wa nyimbo aliyewafungulia mlango watoto wa mitaani Kigali

Wakimbizi wengi wanaoishi Kigali wamesikia nyimbo za Cyprien Rugamba kanisani au harusini bila kujua ni za nani. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, mshairi, mwanahistoria na mwalimu wa ngoma za asili.

Alizaliwa mwaka 1935 huko Karama, kusini mwa Rwanda. Kijana huyu aliingia seminari, kisha akaiacha pamoja na imani yenyewe. Msichana aliyetaka kumwoa aliuawa katika mauaji ya mwaka 1963. Mwaka 1965 akamwoa jamaa wa marehemu, mwalimu Daphrose Mukansanga. Wakapata watoto kumi, lakini tusifiche: kwa miaka mingi ndoa hiyo ilikuwa mateso kwa mama huyo, hata aliwahi kurudishwa kwa wazazi wake kwa tuhuma zisizo za kweli.

Kazini, Rugamba alifanikiwa. Baada ya kusoma historia Ubelgiji, aliongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi mjini Butare. Huko alianzisha kundi la Amasimbi n'Amakombe, lililocheza na kuimba utamaduni wa Rwanda ndani na nje ya nchi. Alitunga kwa Kinyarwanda safi, wakati ambapo wasomi wengi waliona Kifaransa ndicho lugha ya maana.

Mwaka 1982 aliugua sana. Katika ugonjwa huo akairudia imani, akampatanisha mke wake na moyo wake, na nyimbo zake nazo zikageuka kuwa za sala. Wanandoa hawa walikuwa miongoni mwa walioanzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda mwaka 1990.

Hapa ndipo maisha yao yanapotugusa sisi tunaofanya kazi na familia zilizohama. Mjini Kigali watoto wengi walikuwa wakilala nje. Watu waliwaita mayibobo, jina ambalo waliotoka Goma na Bukavu wanalijua vizuri, na si jina la heshima. Daphrose alianza kuwapa chakula. Mume wake akaungana naye, na mwaka 1992 kazi hiyo ikawa kituo.

Wakati huo kila mtu mzima alibeba kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, utaratibu ulioletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930. Rugamba aliupinga waziwazi na kutaka neno hilo lifutwe. Msimamo kama huo ulikuwa hatari, hasa kwa mtu maarufu ambaye maneno yake yalisikika mbali.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi walifika nyumbani kwao Kimihurura. Familia ilikuwa imekesha ikisali. Cyprien, Daphrose na sita kati ya watoto wao waliuawa. Vitambulisho vyenye kabila viliondolewa baada ya mauaji hayo.

Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Kituo chao, ambacho sasa kinaitwa CECYDAR kwa majina yao, bado kinawapokea watoto wa mitaani wa Kigali, kinawarudisha shuleni, na kinawatafuta wazazi au ndugu wa kuishi nao tena.