Vasco da Gama na Machungwa ya Malindi

Ukiwa mtoto wa Malindi basi ile nguzo ya Vasco da Gama umeshaiona, hata kama ni kwa mbali. Shuleni tulimsoma Mreno huyu kwa tarehe na majina ya merikebu, tukafanya mtihani, tukasahau. Jambo ambalo sikuambiwa, hadi nilipolisoma mwenyewe nikiwa chuo kikuu, ni kuwa kisa chake na mji wetu ni kisa cha ufizi. Naam, ufizi, hii nyama inayoshika meno.

Alizaliwa Sines, mji wa bahari kusini mwa Ureno, katika miaka ya 1460. Mfalme Manuel alimpa merikebu nne na watu wapatao 150 au zaidi, wakatoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497. Chakula chao baharini kilikuwa mikate mikavu na nyama ya chumvi, miezi na miezi. Kufika Januari 1498, wakiwa pwani ya Msumbiji, watu walianza kuvimba mikono na miguu, na ufizi ukawaota juu ya meno hata wakashindwa kutafuna. Sisi Waswahili ugonjwa huu tunauita kiseyeye.

Tarehe 7 Aprili walitia nanga Mombasa. Sultani akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na wagonjwa wakapona. Sasa hebu sikiliza. Yule aliyeandika habari za safari ile alimshukuru Mungu, kisha akasema sababu ni hewa nzuri ya Mombasa. Hewa! Na machungwa wanayo mkononi.

Mombasa hawakuelewana, wakaja Malindi. Sultani wa hapa alikuwa hasimu wa yule wa Mombasa, kwa hiyo akawapokea vizuri na akawapa rubani wa kuwavusha. (Wengi husema alikuwa Ahmad bin Majid, lakini wanahistoria wengi wa leo hawakubali.) Waliondoka tarehe 24 Aprili na upepo wa kusi, na kwa siku kama 23 wakaiona India.

Shida ilikuwa kurudi. Aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijaanza kuvuma. Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia asubiri. Basi safari ile ile ikawachukua karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikarudi, ufizi ukavimba tena, na watu 30 wakafa katika mvuko huo peke yake. Kila merikebu ilibakia na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi. Da Gama akatuma mtu pwani kuomba machungwa, kwani ndiyo wagonjwa waliyokuwa wakiyatamani. Kesho yake sultani akayaleta pamoja na matunda mengine. Kwa baadhi yao yalikuwa yamechelewa, wakafia hapa hapa kwetu. Waliobaki walikuwa wachache hata merikebu moja, São Rafael, ikabidi waichome moto kusini mwa Mombasa kwa kukosa watu wa kuiendesha. Nduguye Paulo alifariki njiani, visiwa vya Azores. Waliorudi Ureno hawakufika nusu ya waliotoka.

Kumbe wagonjwa wale mwili wao ulijua unachotaka. Kilichokosekana ni vitamini C, ambayo mwanadamu hawezi kujitengenezea mwilini, lazima aile. Bila hiyo, ile gundi inayoshikanisha nyama ya mwili hulegea, ufizi hutoka damu na meno hutikisika hadi yang'oke. Daktari Mskoti James Lind alijaribu machungwa na ndimu kwa mabaharia mwaka 1747 akaona yanaponya, lakini wanamaji wa Uingereza hawakuamriwa kupewa maji ya ndimu hadi 1795.

Sasa turudi nyumbani. Matunda haya tunapita nayo sokoni kila siku: machungwa, mapapai, maembe, na mapera, ambayo yana vitamini C kuliko chungwa lenyewe. Halafu adhana ya magharibi ikilia tunafungulia soda na kaimati zilizolowa shira, na watoto wanalala na mabuyu ya sukari mdomoni. Ndimu nayo usiisugue menoni ati yawe meupe, inakula meno. Ile na chakula, kisha usukutue kwa maji.

Lakini tuseme kweli, ufizi wetu ukitoka damu siku hizi, mara nyingi si kiseyeye. Ni ukoga uliojikusanya kwenye shina la jino. Dawa yake ni kupiga mswaki vizuri baada ya futari na baada ya daku kabla ya alfajiri. Mti wa mswaki unatosha ukiutumia sawasawa: kata ncha iliyochakaa, tafuna mpya mpaka ilainike, sugua taratibu usiuchome ufizi. Mtume (s.a.w.) aliuhimiza sana. Sisi tuliosomeshwa fiqhi ya Imam Shafi tulifunzwa kuwa kwa aliyefunga ni makruhu baada ya jua kupinduka, ingawa wako wanazuoni wasioona ubaya. Vyovyote, asubuhi yote ni yako. Maji ya vuguvugu yenye chumvi nusu kijiko husaidia ufizi uliovimba. Karafuu hutuliza jino linalouma, haizibi tundu. Ufizi ukiendelea kutoka damu wiki mbili, au jino likitikisika, nenda kwa daktari wa meno.

Na yule bwana aliyepewa machungwa? Mwaka 1502 alirudi Bahari ya Hindi na merikebu nyingi na mizinga. Karibu na pwani ya Malabar aliikamata jahazi iitwayo Miri, iliyokuwa ikirudi kutoka Makka na mamia ya mahujaji, wanawake na watoto wakiwemo. Walimpa mali wakamsihi, akaichoma moto nao wakiwa ndani. Mwaka 1524 akatumwa India mara ya tatu, safari hii akiwa mtawala kwa niaba ya mfalme wake. Hakukaa hata miezi minne. Alifia Cochin tarehe 24 Desemba mwaka huo, akazikwa huko, na mwaka 1539 mifupa yake ikarudishwa Ureno.