Büchi, Mswisi aliyeugeuza moshi kuwa nguvu

MALORI yanayopandisha shehena kutoka Mombasa hadi Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, yangesota sana mlimani lau si kifaa kiitwacho turbo. Aliyekibuni, Alfred Büchi, hakumbukwi sana nje ya jamii ya wahandisi.

Büchi alizaliwa Julai 11, 1879, mjini Winterthur, Uswisi. Alihitimu uhandisi wa mitambo jijini Zurich mwaka wa 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji.

Kilichomkera kijana huyo ni ubadhirifu. Injini ya wakati huo ilichoma mafuta, kisha ikatupa sehemu kubwa ya joto lake kupitia bomba la moshi. Mnamo Novemba 1905 alisajili nchini Ujerumani hataza ya mtambo ambao moshi ungezungusha gurudumu lenye mapanga, nalo gurudumu liendeshe pampu ya kushindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa katika injini ile ile.

Wazo lilikuwa jema, lakini vyuma vya enzi hiyo havikuwa tayari kwa joto na kasi hiyo. Majaribio aliyoyafanya katika kampuni ya Sulzer kuanzia 1911 hayakuzaa mashine ya kutegemewa, na miaka ikayoyoma.

Ufumbuzi ulipatikana 1925. Badala ya kumwaga moshi wote katika bomba moja pana, Büchi aliugawa katika mabomba membamba, silinda zikipangwa kwa makundi ili pumzi ya moja isizuie ya nyingine. Kila mpigo wa moshi ulilifikia gurudumu ukiwa bado na kishindo, hivyo mtambo ukaitika upesi. Hapa ndipo penye mvutano unaowasumbua mafundi hata leo: turbo kubwa hutoa nguvu nyingi injini ikishika kasi, ila huchelewa kuamka, ndogo huamka mara moja, lakini hukabwa mwendo ukizidi. Wapo wanaonunua kubwa kwa sifa tu, kisha wakashangaa gari kuzubaa kila wanapokanyaga mafuta.

Katikati ya miaka ya 1920, meli za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli za silinda kumi zenye turbo. Nguvu ilipanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500, takriban asilimia 43. Waliokuwa wakimbeza wakanyamaza.

Büchi alifariki Oktoba 1959 akiwa na umri wa miaka 80, miaka mitatu kabla ya magari madogo yenye turbo kuanza kuuzwa nchini Marekani. Mbinu yake ya kutenganisha mipigo ya moshi ingali inatumiwa katika turbo zenye njia mbili.